Mnunuzi wa kompyuta ahesabu na bei ya kutoka

WAFANYABIASHARA wadogo wa mkoa wa Singida wanaotegemea kompyuta wamebebeshwa uamuzi ambao wengi wao hawakuupangia fedha. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kuchapa barua, kutoa nakala na kuweka hesabu za duka. Lakini kila tundu jipya linalogunduliwa na wezi wa mitandaoni linabaki wazi, isipokuwa kwa yule aliyejiandikisha kupata huduma ya nyongeza.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mfumo uliofuata, Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, unadai mashine yenye kifaa maalumu cha usalama na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa lugha nyepesi, kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliki. Hizo ni miongoni mwa mashine zinazoletwa nchini zikiwa zimekwishatumika ng'ambo, na ndizo ambazo mfuko wa mwenye steshenari wa Misuna, Manyoni au Kiomboi unazimudu. Mnunuzi anayekuta bei ya laptopu ya namna hiyo imeshuka asifurahi kabla ya kuuliza sababu.

Kama ilivyo kawaida, mjadala umegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema Windows ndiyo kompyuta yenyewe, na kwamba nje yake hakuna kazi. Upande wa pili, ambao una vijana wengi waliotoka vyuoni, unasema dawa ni kuhamia Linux, mfumo unaotolewa bure. Kila upande unataja kasi, sura ya kioo na wingi wa programu. Ubishi huo umekuwapo tangu miaka ya 1990, na muda wote umeacha nje swali ambalo mfanyabiashara angepaswa kuanza nalo: siku mambo yakibadilika, kuondoka kutagharimu kiasi gani?

Bei ya kuingia huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine. Bei ya kutoka haiandikwi popote, na mara nyingi ndiyo kubwa. Asiyeijua amenunua mbuzi kwenye gunia.

Mbegu ya duka na mbegu ya ghala

Wakazi wa Singida hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu wanaliona kila msimu katika alizeti. Mkulima anayepanda Record, mbegu ya kawaida iliyozoeleka kwa miaka mingi, anaweza kuchagua vichwa vizuri baada ya mavuno na kuweka akiba ya msimu ujao. Anayepanda chotara kama Hysun 33 hutarajia mazao mengi zaidi na mafuta mengi zaidi iwapo ataitunza ipasavyo. Lakini akirudia kupanda punje alizovuna, shamba humwangusha. Kila msimu lazima arudi dukani.

Hakuna mkulima makini anayesema chotara ni mbaya. Anachofanya ni kuweka gharama ya mbegu katika hesabu za kila mwaka, kisha kuangalia kama ziada ya mavuno inailipa. Anayeumia ni yule aliyenunua chotara akidhani amenunua Record.

Mifumo endeshi ya biashara iko katika kundi la chotara. Inakuja na programu nyingi, mafundi wengi na wateja waliokwisha kuizoea. Hata hivyo, mwenye shamba si mwenye mbegu. Tarehe ya mwisho wa matengenezo, masharti ya mashine inayofaa na ada ya nyongeza vyote hupangwa na kampuni, na mnunuzi hupelekewa taarifa tu.

Hesabu ya mashine tatu

Microsoft iliweka njia ya nyongeza kwa wasioweza kuhama mara moja. Kwa mtu binafsi ada iliwekwa kuwa dola 30 za Marekani kwa mwaka mmoja unaoishia Oktoba 13, 2026, na aliyekubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yake kupitia akaunti ya kampuni hiyo alisamehewa ada. Kwa makampuni na taasisi ada ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka: dola 122 mwaka wa pili, na dola 244 mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho.

Ichukuliwe mfano wa kampuni ndogo yenye kompyuta tatu za zamani. Kwa miaka yote mitatu kila mashine italipiwa dola 427, na zote tatu dola 1,281. Dola moja ikikadiriwa kuwa sh. 2,500, jumla ni sh. 3,202,500. Baada ya kulipa fedha hizo, mashine ni zile zile kuukuu na mlango umefungwa. Kununua leseni mpya hakusaidii, kwa sababu hata mwenye dola 139 za leseni ya kawaida ya Windows 11 bado ana mashine isiyotimiza masharti ya mfumo huo.

Hesabu hiyo haisemi kwamba kampuni imetenda kosa. Miaka kumi ya matengenezo si haba, na hakuna kiwanda kinachoweza kukarabati bidhaa yake milele. Kinachoonekana ni kwamba muda huo haukugawanywa sawa. Aliyenunua mashine mpya mwaka 2015 alipata miaka kumi. Aliyenunua mashine hiyo hiyo mwaka 2023 ikiwa imetumika alipata miaka miwili, na huenda muuzaji wake hakumtajia tarehe. Wa kwanza aghalabu yuko Ulaya, wa pili yuko Singida. Biashara ya mitumba ya kompyuta ni biashara ya kununua muda uliobaki, na mnunuzi asiyeuliza muda huo hajui alichonunua.

Cha wizi nacho kina bei

Wapo watakaozicheka hesabu hizo kwa sababu hawajawahi kulipa hata senti. Fundi "hupiga Windows" kwa ada ndogo akitumia nakala iliyovunjwa kufuli, na mteja huondoka akiamini mambo yamekwisha. Kwa mtazamo huo, mjadala mzima wa leseni ni wa watu wa Dar es Salaam wenye ofisi zenye viyoyozi.

Mtazamo huo una kasoro mbili. Kwanza, aliyeivunja kufuli mara nyingi huzima pia njia ya kupokea marekebisho, ili wizi usigundulike. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta za nchi zaidi ya 150 na kufunga mafaili ya watu hadi walipe. Tundu vilimopita lilikuwa na rekebisho lililotolewa Machi mwaka huo huo, na walioumia ni wale ambao hawakuliweka. Duka lililopoteza orodha ya wadaiwa wake kwa siku moja limelipa zaidi ya bei ya leseni.

Kasoro ya pili haizungumzwi sana, nayo inagusa soko lenyewe. Nakala ya wizi humuumiza mwenye mali kidogo kuliko inavyomuumiza mpinzani wake. Silaha kubwa ya Linux ni kutouzwa, lakini silaha hiyo haikati mahali ambapo Windows nayo inapatikana bure kwa fundi. Vitu viwili vikiwa na bei sawa, mteja huchukua kile alichokizoea. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumzia China, alisema hadharani kwamba kama watu wataiba programu, ni afadhali waibe za Microsoft, kwa kuwa watazizoea na siku moja kampuni itajua namna ya kukusanya fedha zake. Mfanyabiashara anayedhani amemshinda mwenye mali angeyatafakari maneno hayo.

Tanzania iliwahi kupata nafasi ya kuliona hilo kwa karibu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Desemba mwaka huo ilitolewa Jambo OpenOffice, ambayo mtu angeweza kuandikia barua na kutayarishia hesabu kwa lugha ya taifa bila kulipa ada ya leseni. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza mpango wake wa kuziweka programu zake katika Kiswahili. Ushindani wa wakubwa hao wawili uliwapa Waswahili maneno ya kompyuta. Haukuwapa mazoea mapya, kwa sababu mashine za mitaani zilikuwa zimekwisha kupigwa Windows.

Programu huria nayo si bure

Haki itendeke pande zote. Wanaoipigia debe Linux huishia kwenye neno "bure", na hapo ndipo nao wanapowapotosha wafanyabiashara.

Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na umejengwa na maelfu ya watu kwa leseni inayomruhusu yeyote kuunakili na kuurekebisha. Aina yake ya Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Unafanya kazi vizuri katika mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa, na kwa kazi za steshenari kama kuchapa, kutoa nakala na kutafuta fomu za Serikali mtandaoni, unatosha.

Lakini mfanyabiashara anayeweka hesabu zake katika programu ya Tally hatafika mbali, kwa sababu Tally imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Baadhi ya printa zitagoma hadi fundi ahangaike nazo. Kijana wa kaunta atahitaji wiki kadhaa za kuzoea, na katika wiki hizo foleni itakuwa ndefu. Aidha, mafundi wa Linux ni wachache, na katika wilaya za mbali kama Mkalama uchache huo ni gharama kamili: mashine ikikwama siku mbili ikisubiri mtu kutoka mjini, mapato ya siku mbili yamekwenda. Bei ya kuingia ni sifuri kwenye karatasi tu.

Nchi yenyewe ilipata somo la namna hii mapema. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye mashine mpya zaidi iliharibika kwa kuwategemea mno wataalamu wa kigeni, na mwaka 1974, nchi ikiwa na kompyuta saba tu, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Marufuku hiyo ilipokuja kulegezwa, muda mrefu ulikuwa umepotea. Mashine za Hazina hazikuwa za wizi wala mbovu. Kilichokosekana ni watu wa ndani wa kuzimudu.

Pamoja na hayo, tofauti moja inabaki. Aliyeingia Linux akaichoka anaweza kuondoka na mafaili yake yote, kwa kuwa yamehifadhiwa kwa mtindo ulio wazi ambao programu za pande zote huufungua. Na wale wanaoapa kwamba hawataigusa Linux wajue kwamba wanayo mfukoni tayari: moyo wa Android, unaoendesha simu nyingi za kisasa kutoka Itigi hadi Nduguti, ni Linux.

Muziki uliofungwa kufuli

Swali la bei ya kutoka halikomi kwenye mashine. Liko pia katika bidhaa zinazopita ndani yake, na iliyo rahisi kuonekana ni muziki. Si ajabu kukuta kibanda kinachochapa barua ndicho kinachoingiza nyimbo kwenye memori kadi za wateja na flashi za madereva wa mabasi.

Sheria inajulikana. Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo iliiweka COSOTA kuwa msimamizi wa haki za wasanii. Kanuni za mwaka 2006 zilileta stika ya hakigramu kwenye kanda na diski, na mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kudai stempu ya kodi kwenye bidhaa za muziki na filamu. Hatua hizo zilikuja wakati soko linahama. Stika hubandikwa kwenye kitu kinachoshikika, na wimbo ulikuwa umekwisha kutoka kwenye diski na kuingia kwenye memori kadi.

Makampuni makubwa ya ng'ambo yalijaribu njia nyingine: kuufunga wimbo wenyewe kwa kufuli la kidijitali. Duka la iTunes la Apple, lililofunguliwa Aprili 2003, liliuza wimbo kwa senti 99 za dola, lakini wimbo huo ulikubali kuchezwa kwenye vifaa vya Apple na kompyuta tano tu zilizoidhinishwa. Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza diski ambazo, zikiwekwa kwenye kompyuta yenye Windows, zilijificha ndani ya mfumo na kufungua mwanya kwa virusi. Baada ya kelele nyingi diski hizo ziliondolewa sokoni. Aliyeathirika ni mteja aliyelipa. Aliyenakili wimbo kwa mwizi hakuguswa.

Microsoft nayo ilifika mbali zaidi. Mwaka 2006 ilitoa kifaa cha kusikilizia muziki kilichoitwa Zune, ambacho hakikuweza kucheza nyimbo zilizofungwa kwa kufuli la Microsoft yenyewe la awali. Mwaka 2008 ilitangaza kuzima mitambo ya funguo za duka lake la MSN Music. Maana yake ilikuwa kwamba mnunuzi akibadili kompyuta, au hata akibadili mfumo endeshi ndani ya kompyuta ile ile, nyimbo alizolipia zingenyamaza. Wateja walilalamika na muda ukaongezwa. Hapo ndipo mijadala miwili, ya mifumo na ya muziki, ilipodhihirika kuwa mmoja.

Apple ilitangaza Januari 2009 kuondoa kufuli kwenye nyimbo zake zote. Kwa nyimbo zilizokwisha kununuliwa, mteja aliyetaka zifunguliwe alitakiwa kuongeza senti 30 kwa kila wimbo. Hiyo ni moja ya nyakati chache ambazo bei ya kutoka iliwahi kuandikwa waziwazi: karibu theluthi moja ya bei ya kununulia. Mwenye nyimbo 200 alilipia dola 198 kuingia, na dola 60 kutoka.

Miito ya simu na haki ya msanii

Msomaji anayedhani mambo hayo ni ya Wazungu aangalie simu yake. Mwito wa wimbo anaosikilizishwa anayempigia ni muziki wenye kufuli la aina ile ile. Mteja hulipia kwa kipindi, wimbo hukatika malipo yakikatika, na akihamia mtandao mwingine hauhami naye. Hata akiulipia miaka mitatu mfululizo, siku ya mwisho hana kitu mkononi.

Huduma za kusikiliza muziki kwa simu zinafuata mkondo huo. Boomplay, iliyoanza mwaka 2015 na kuenea kupitia simu za Tecno, na Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, humruhusu mteja wa kulipia kupakua nyimbo za kusikiliza bila mtandao. Nyimbo hizo hubaki ndani ya programu na hukoma pamoja na ada. Kwa anayependa kusikia nyimbo mpya kila wiki, huo ni mkataba wa haki. Anachopaswa kujua ni kwamba amekodi.

Hoja ya wanaotetea kufuli ni kwamba bila hilo msanii atakufa njaa. Hoja hiyo inastahili heshima, kwa sababu studio inalipiwa, na kijana wa Singida anayerekodi kwa fedha za mauzo ya vitunguu au kuku hana mfadhili. Lakini kufuli halijamzuia mwenye kibanda. Wimbo mmoja ukifunguliwa na mtu mmoja popote duniani, memori kadi zote zinaupata. Kufuli humbana mnunuzi mwaminifu peke yake, na hivyo hufanya bidhaa ya halali kuwa mbaya kuliko ya wizi. Mfanyabiashara yeyote anajua duka la namna hiyo litaishia wapi.

Kinachomlipa msanii ni wepesi wa kulipa. Nchi hii ina pesa za simu tangu mwaka 2008. Mteja aliyekuwa akilipa mia chache kibandani kwa nyimbo za wizi hakuwa mtu wa kukataa kulipa. Alikuwa analipa, ila fedha zilikwenda kwa asiyetunga. Atakayemuuzia mteja huyo wimbo usio na kufuli, kwa bei ya kibandani na kwa hatua mbili za simu, atakuwa amempa sababu ya kuacha kibanda. Wenye vibanda nao, badala ya kukimbizwa, wangeweza kuwa mawakala wenye leseni na kamisheni, kama walivyo mawakala wa pesa za simu.

Njia imekwisha kupitwa

Kupunguza bei ya kutoka si ndoto. Watanzania wamekwisha kuifanya kazi hiyo katika biashara ya simu. Kabla ya mwaka 2014 kila mtandao ulikuwa kisiwa cha fedha, na mfanyabiashara wa vitunguu alilazimika kuwa na laini tatu ili kulipwa na wanunuzi wa mikoa mitatu. Mwaka huo Tigo ya wakati ule (sasa Yas), Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Machi 2017 ikaanza huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Mitandao haikufa. Ilichopoteza ni uwezo wa kumshikilia mteja kwa sababu tu ya namba iliyoandikwa kwenye ubao wa duka lake.

Mwekezaji mdogo anayenunua hisa naye ana la kujifunza hapo. Kampuni inaweza kupata faida kwa sababu wateja wanaipenda, au kwa sababu wameshindwa kuondoka. Katika vitabu vya hesabu faida hizo mbili hufanana. Tofauti huonekana siku mdhibiti anapofungua mlango. Anayetaka hisa za kampuni ya simu, benki au programu angeuliza kwanza: wateja hawa wakipewa ruhusa ya kuhama kesho bila gharama, watabaki wangapi?

Yapasayo kufanywa

Kwa mfanyabiashara wa Singida, hatua za kuchukua si za gharama kubwa. Anayenunua kompyuta iliyotumika adai kuonyeshwa kama inakubali Windows 11, na kama haikubali, bei ishuke kulingana na ukweli huo. Mwenye mashine za Windows 10 azigawe kwa kazi: ile inayobeba hesabu na miamala ya fedha ndiyo ya kubadilishwa au kulipiwa kwanza, na ile ya kuchapa barua na kutoa picha ijaribiwe Linux, kwa kuwa hasara ya jaribio hapo ni ndogo. Mashine isiyopokea marekebisho isitumike kabisa kwa huduma za benki.

Orodha za wateja, wadaiwa na bidhaa zihifadhiwe kwa mtindo ambao programu zaidi ya moja unaweza kuufungua, na nakala iwekwe nje ya mashine kila wiki. Kabla ya kulipia programu yoyote ya hesabu, muuzaji aulizwe mbele ya mashahidi: siku nikiacha kulipa, taarifa zangu nitazitoa vipi na kwa bei gani? Muuzaji asiye na jibu la swali hilo amekwisha kulijibu.

Upande wa Serikali na halmashauri, zabuni za kompyuta zingetaja bei ya kuingia na bei ya kutoka kwa pamoja, na fomu na mifumo ya mtandaoni ingetengenezwa ifunguke katika mfumo endeshi wowote. Shule inayofundisha watoto programu moja tu inawafunga kufuli kabla hawajanunua chochote. Vyuo vya ufundi vingefundisha mafundi wa mifumo yote miwili, maana bila fundi wa pili uhuru wa kuchagua ni wa maneno.

Ubishi wa Windows na Linux utaendelea, na hauna madhara kama unafanywa wakati wa kahawa. Madhara huanza pale mtu anapofungua pochi. Hapo ubora wa mfumo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kile mkulima wa alizeti anachokijua kabla mvua hazijaanza, yaani kama mbegu ya mwaka ujao iko ghalani kwake au iko dukani kwa mtu mwingine.